Kibali kwanza, kibao baadaye

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Waswahili hao hao ndio waliosema biashara ni matangazo, na kwa mtu anayefungua duka katika jiji kama Nairobi, msemo huu wa pili ndio wenye nguvu zaidi. Duka lisilo na kibao ni kama mgeni asiyebisha hodi. Watu hulipita tu.

Ndiyo maana, msomaji mpenzi, wengi wanaoanza biashara hutenga pesa za kibao mapema. Mama anayefungua saluni Umoja, au kijana aliyemaliza chuo na kuanza kurekebisha simu Githurai, hukodisha chumba leo, kesho yake yuko kwa mchoraji, na siku ya tatu kibao kinaning'inia juu ya mlango. Majuma mawili hayapiti kabla ya askari wa kanjo kufika na kuuliza, "Kibali cha hiki kibao kiko wapi?" Hapo kibao hung'olewa na kutupwa ndani ya lori, ama mwenye duka hushauriwa "aongee vizuri". Pesa ambazo zingekuwa karo ya mtoto zinaishia katika mfuko wa mtu.

Basi Jumapili ya leo tuketi pamoja tulizungumzie jambo hili, kwani kinga ni bora kuliko tiba.

Kwanza, fahamu ni nani mwenye mamlaka. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia matangazo ya nje, pamoja na udhibiti wa kelele na uchafuzi wa hewa. Nairobi nayo ilitunga sheria yake ya mabango na vibao mwaka wa 2018. Kwa hivyo kila kaunti hupanga ada zake kupitia sheria yake ya fedha, na bei ya mwaka jana huenda isiwe ya mwaka huu. Usimwulize jirani alilipa ngapi, ukadhani umemaliza. Githurai 44 iko Nairobi, ilhali Githurai 45 iko Kiambu. Marafiki wawili wanaweza kuwa na maduka karibu karibu, kila mmoja akawa chini ya kaunti yake na karani wake.

Pili, chunguza mahali unapotaka kukiweka kibao. Ukuta wa jengo si wako bali ni wa mwenye nyumba. Mwombe ruhusa kwa barua, hata kama mnapatana kama chanda na pete, kwani siku mkikosana neno la mdomo halitakufaa. Na ukitaka kukisimamisha kando ya barabara, elewa kwamba kaunti pekee haitoshi. Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 inakataza kujenga kitu chochote katika ardhi ya barabara bila idhini ya maandishi ya wanaoisimamia. Barabara kuu kama ile ya Thika iko chini ya KeNHA, na nyingi za mijini ziko chini ya KURA. Wengi wamechimba shimo, wakamwaga saruji na kusimamisha nguzo ya chuma, kumbe wamepanda mti katika shamba la wenyewe. Tingatinga likija kupanua barabara, ni vigumu kudai fidia.

Tatu, tazama kinachoandikwa. Jina la duka lako ni jambo moja, tangazo la bidhaa za kampuni nyingine ni jambo jingine, na mara nyingi ada zake hutofautiana. Wauzaji wa soda au wa kadi za simu wakija kukupakia duka rangi zao bure, shukuru, lakini uliza kabla ya brashi kugusa ukuta: ni nani atakayelipa ada ya kaunti? Waambie waandike na kutia sahihi. Wao wakishaondoka, ni wewe utakayepatikana pale dukani. Matangazo ya sigara nayo usiyakubali kabisa, kwa maana yalipigwa marufuku na sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka wa 2007.

Sasa njia yenyewe. Sajili jina la biashara kwanza, usije ukachora jina la mwenzako. Kisha tayarisha picha au mchoro wa kibao ukionyesha urefu, upana na mahali kitakapowekwa, pamoja na barua ya mwenye nyumba na nakala ya leseni yako. Mnamo 2023 Nairobi ilitangaza kuunganisha leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, vyeti vya afya na usafi wa chakula, na ada ya kibao, kuwa kibali kimoja. Uliza kama kibao chako kimo ndani ya kibali hicho, hasa ikiwa ni kikubwa, kina taa au kimetokeza juu ya njia ya watu. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti, si mkononi mwa mtu aliyekufuata dukani. Kumbuka kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Toa nakala ya risiti uibandike ukutani, na ile halisi uifungie nyumbani. Ukimaliza hayo yote, ndipo uende kwa mchoraji.

Huenda ukauliza, yote haya ya nini kwa kibao cha futi tatu? Sababu zipo, na nyingine ni za haki. Kibao kilichofungwa kwa waya hafifu huanguka upepo ukivuma, na chini yake hupita watoto wa shule. Kilichogusa nyaya za stima huua. Kilichowekwa katikati ya njia humgonga kipofu na kumsukuma mama mwenye mtoto mgongoni hadi penye matatu. Mwenye duka mwema hahitaji askari kumfunza hayo.

Lakini haki ina pande mbili. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu na usawa na maofisa wa serikali, na kupewa sababu kwa maandishi iwapo haki yake imeathiriwa. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo wakija kung'oa, usipigane nao. Uliza kwa upole umevunja kifungu gani, andika jina na nambari ya kazi ya ofisa, na udai stakabadhi ya kile wanachochukua. Anayekuja kutafuta chai mara nyingi hapendi kuandika jina lake.

Na kwa wakuu wa kaunti nina ombi moja. Ada hizi zibandikeni katika kila ofisi ya wadi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Sheria ambayo raia haijui haimlindi mpita njia wala haijazi hazina ya jiji. Kazi yake ni kunenepesha anayejua kuitumia gizani. Ikiwa mwenye kinyozi anatakiwa kuandika wazi anachouza na bei yake, mbona kaunti isifanye vivyo hivyo?

Wewe nawe, kabla ya kumpa mchoraji shilingi ya kwanza, pitia ofisi ya wadi kesho asubuhi. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko kibao kipya.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.