Bwawa la Vyura Halitaki Samaki

Leo tuiache kompyuta kando kidogo, ingawa mtaona hoja yenyewe haiko mbali na mambo yetu ya programu.

Ukichimba kidimbwi bustanini, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Tia samaki, mbu watakwisha." Ushauri huo una ukweli. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la Kisii. Tilapia waliwekwa katika mabwawa yaliyokuwa yameachwa, na baada ya wiki 15 mbu wa malaria katika maji hayo walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Kwa hivyo siwapingi samaki.

Ninachopinga ni kuwatia kila penye maji. Kiswahili kina neno moja, kiluwiluwi, kwa mtoto wa mbu na mtoto wa chura. Samaki naye hatofautishi. Kinachochezacheza na kutosha mdomoni, anakimeza. Katika dimbwi dogo watoto wa chura wachache watapona. Ni kama programu ya kuua virusi inayofuta na mafaili yako.

Mfano mbaya zaidi ni samaki mdogo aitwaye Gambusia. Alitolewa Marekani akapelekwa Hawaii mwaka 1905 na Sydney mwaka 1925, kwa nia njema ya kupunguza mbu. Leo huko Australia analaumiwa kwa kula viluwiluwi vya vyura, na IUCN imemtia katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Mvua ya masika ikifurika, samaki wa bustanini huweza kufika mtoni, na mtoni hakuna kitufe cha kurudisha nyuma.

Je, mbu? Watoto wa kereng'ende huishi majini na hula viluwiluwi vya mbu. Lakini malaria si mzaha, usiwategemee hao peke yao. Kagua maji kila wiki, maana penye joto mbu huweza kukua toka yai hadi kuruka kwa siku kumi hivi. Viluwiluwi vyake hukaa juu ya maji na kujinyonganyonga. Vichote kwa chujio. Vya chura vina kichwa kinene na mkia, viache. Kama huna muda wa kukagua, fuga tilapia na usahau vyura.

Vyura nao usiwabebe toka kwingine, kwani huweza kuja na ukungu wa ngozi unaoua wenzao. Jaza maji ya mvua, ukingo mmoja uwe na mteremko, kisha subiri. Kama wako jirani, watakuja wenyewe.

Msimamo wangu ni huo: dimbwi moja, kazi moja. Wewe waonaje?