Ndoa ya Kambini na Barua ya Nyumbani

Tangu jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka lilipowekwa tarehe 14 Juni 2021, wageni wengi wamefika wilayani kwetu Maswa. Mradi huo wa kilomita 341 unapita Malampaka, penye stesheni ya reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. Vijana wa Kiislamu kutoka mikoa ya mbali hulala kambini, na siku ya Ijumaa huja msikitini wakiwa na vumbi la tuta la reli miguuni.

Wengi huuliza kwanza kama wapunguze sala kwa kuwa wako safarini. Jibu ni fupi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena.

Suala la ndoa ndilo lililotukosesha usingizi. Kijana mmoja wa kambini alimposa binti wa jirani yetu. Mahari ilikuwa tayari, mashahidi wapo, walii ameridhia. Tulipomuuliza mke ataishi wapi kambi ikihamishwa, alinyamaza. Tukaomba namba ya imamu wa kwao, tukampigia. Imamu alifurahi mno kupata habari zake, kwani mama wa watoto wake wawili alikuwa amefika msikitini kulalamika kuwa ana miezi mitatu hajaletewa matumizi.

Tuliwaeleza baba na binti. Baba alitukasirikia, akisema tunaharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Hatukubishana naye: mke wa pili ni halali. Lakini binti alikuwa hajui kwamba anaolewa ukewenza, wala kwamba mwenzake analala bila chakula. (Tukiri pia kwamba tungeweza kumwita kijana faraghani kwanza, haraka yetu ilimwaibisha.) Binti aliomba muda, na hadi tunaandika haya hajatoa jibu. Kijana ametuma fedha nyumbani.

Sasa kamati inamtaka kila mfanyakazi wa kambini anayetaka kuoa alete barua ya msikiti wa kwao, inayoeleza kama ana mke na kama anamhudumia. Wapo wanaosema tunawawekea vijana vikwazo, wakaishia kwenye zinaa. Hofu hiyo tunayo sisi pia, ndiyo maana simu tunapiga siku ileile ya posa. Barua tatu zimekwisha kufika, na ndoa mbili zimefungwa.