Mpenzi, jina langu usilichonge Isimila!

Wiki hii natoka nje ya mji kidogo. Zile habari za nani kaonekana na nani kule Raskazone zitasubiri, hazichachi.

Ukikaa kijiweni hapa Mabawa ukasema unataka kwenda kutazama mawe, utachekwa mpaka kahawa iwapalie watu. Mawe? Si tunayo Amboni! Wengi tuliosoma shule ya msingi Tanga tulishapelekwa kule, kama kilomita 8 tu kutoka mjini, tukasimuliwa na ile hadithi ya mbwa aliyeingia pangoni akatokea Kilimanjaro. Mtu akishaiona Amboni anajiona kamaliza dunia.

Hajamaliza, bwana. Dunia ina mambo.

Tulikuwa wanne: mimi, shoga yangu, binamu yangu ambaye ni fundi pikipiki, na mchumba wake. Tulikuwa tumekwenda Iringa kwenye harusi ya ndugu, na shughuli ilipokwisha tukabaki na siku moja ya bure. Wenzetu wakaenda sokoni. Sisi tukasema twende Isimila.

Njia yenyewe tu ni starehe. Kutoka Tanga unapita Segera, Chalinze na Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi ambako twiga anakutazama dirishani bila kukudai kitu, unafika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na mibuyu mingi kama watu mnadani. Halafu unaupanda Kitonga. Kwenye zile kona, hata abiria aliyekuwa akijifanya mjanja tangu Chalinze hunyamaza akaanza kusoma dua.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya kwenda Mbeya. Si jangwa lile la kwenye sinema, lenye ngamia na upepo wa filimbi. Lakini shuka korongoni wakati wa kiangazi uone. Mto hauna tone. Mchanga unaunguza hata kwenye soli ya kiatu. Majani makavu, kivuli cha kubahatisha, kimya mpaka unasikia mate yako ukiyameza. Na mbele yako zimesimama nguzo: ndefu kama nyumba ya ghorofa, nyekundu, za kijivu, nyingine zinakaribia weupe, na baadhi zimevaa kofia ya jiwe kichwani kama mzee anayekwenda Ijumaa. Shoga yangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata msibani, alikaa dakika tano nzima hajasema neno.

Nani kazijenga? Maji. Mtembezaji wetu alitueleza vizuri. Zamani mno pale palikuwa na ziwa la kina kifupi. Mchanga na udongo vikajilaza chini tabaka juu ya tabaka, vikashikamana. Ziwa likakauka, kisha mvua na kijito cha masika vikaanza kuchimba. Palipokuwa laini pakaondoka. Palipofunikwa na tabaka gumu pakabaki, kwa sababu lile gumu la juu linakinga la chini kama mwavuli. Ndiyo hizo nguzo. Kofia ikianguka, mvua inaanza kuila nguzo yenyewe.

Hapo nikaikumbuka Amboni yetu. Kule maji yaliyeyusha mawe ya chokaa kwa ndani yakaacha mapango. Huku yamekwangua kwa nje yakaacha nguzo. Fundi yuleyule, kazi mbili.

Lakini uhondo wenyewe uko chini, miguuni. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini alipita hapo akaokota mawe ambayo hayakuwa mawe ya kawaida. Yalikuwa mashoka ya mkono, yamechongwa na binadamu wa kale. Mwaka 1957 na 1958 wachimbaji wakiongozwa na F. Clark Howell, mtaalamu kutoka Marekani, wakafukua zana kibao: mashoka, vipasuo, vikwaruzio. Ikapatikana pia mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani, macho yamechomoza juu ya kichwa kama taa za gari. Umri unaotajwa sana wa zana hizo ni kama miaka 260,000. Hebu fikiria. Huna hata picha ya babu yake babu yako, lakini shoka la mtu huyo unaliona kwa macho yako.

Sasa sikilizeni kisa.

Binamu yangu ni mtu wa mapozi. Tumefika kwenye nguzo moja nene, yeye huyo kachomoa ufunguo wa pikipiki. Anataka kuchora kopa, jina lake na la mchumba, na mshale katikati. "Ili wajukuu zetu waje walione," anasema, huku anamtupia mchumba jicho la kwenye video. Na si wa kwanza kuwa na wazo hilo, maana majina ya watu hayakosekani sehemu kama hizi. Mkono mwingine alishaokota jiwe moja la kuchongwa, analipeleka mfukoni. "La ukumbusho," anasema.

Mtembezaji hakufoka. Alimwambia kwa upole kwamba jiwe lile lina sheria yake, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 hakiondolewi bila kibali, na hili limeupita mwaka huo kwa mbali sana. Tena jiwe likiwa mahali pake linasema lilikaa tabaka gani, pamoja na nini, lakini likishafika kabatini kwako Mabawa ni jiwe la kuzuia mlango. Binamu akalirudisha, ila ufunguo bado kaushika. Kopa lake analitaka.

Ndipo mchumba akafungua kinywa. Dada mpole yule, tangu Tanga hatujamsikia akipandisha sauti.

"Miaka minne unaniandika. Kwenye tangi la pikipiki umeniandika. Ukutani gereji umeniandika. Kwa baba yangu tu ndiko hujaandika. Mimi nguzo sina haja nayo, barua ya posa ndiyo sijaiona."

Lo! Mtembezaji alijifanya kafunga kamba ya kiatu. Mimi na shoga yangu tukageukia nguzo nyingine tukaichunguza kama tumetumwa na chuo kikuu. Ufunguo ukarudi mfukoni.

Wapenzi wasomaji, yule dada kasema kwa niaba ya wengi. Vijana wa mjini tuna ugonjwa wa mapenzi ya kuandika pasipo na gharama. Nguzo ile imekula mvua za miaka maelfu, ufunguo unaihitaji dakika mbili tu, na baada ya hapo bado msichana yuko kwao, bado anaulizwa na shangazi zake. Kuharibu cha watu wote ili kumridhisha mmoja, na huyo mmoja hakuridhika!

Tuliporudi, binamu hakuongea mpaka Chalinze. Wenzake tunakula chipsi mayai, yeye akaninong'oneza: "Hivi barua ya posa siku hizi watu wanatia kiasi gani kwenye bahasha?" Nikamwambia kamwulize mama yako. Kama kauliza au hakuuliza, sijui, na mchumba naye hajaniambia. Nikisikia kitu mtajua.

Kwa anayetaka kwenda: nenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, maana masika korongo lile linashusha maji. Ondoka asubuhi kabla jua halijakasirika. Vaa raba, zile kandambili za bichi ziache Tanga. Beba maji yako. Usiku chukua sweta, Iringa ina baridi ya kuwatoa machozi watu wa pwani. Lipa kiingilio, chukua mtembezaji, pita na kwenye makumbusho madogo pale pale uyaone mashoka kwa nafasi. Na ufunguo ubaki mfukoni.

Haya, tukutane wiki ijayo. Raskazone kuna mambo!