Hati za Deni na Historia ya Ujiji

Wako wataalamu wasemao kwamba biashara ya Ujiji katika karne ya 19 ilikwenda kwa neno la mdomo tu, na kwamba atakaye kuijua hana budi kumsoma Burton, aliyefika huko mwaka 1858, na Stanley, aliyefika mwaka 1871. Dai hili ni la uvivu, si la elimu.

Mfanyabiashara wa Mrima au wa Unguja aghalabu hakufunga safari ya bara kwa mali yake mwenyewe. Alikopa nguo na shanga kwa matajiri wa Kihindi, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, akaahidi kulipa kwa pembe. Nani atoaye mali ya namna hiyo, kwa safari ya miaka, pasipo waraka? Sura ya Bakara, aya ya 282, inaamuru deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Nyaraka hizo, nyingi zao kwa Kiarabu, zimehifadhiwa Zanzibar, na mwaka 2018 Thomas McDow alizitungia kitabu kizima. Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akayataja madeni yake kwa hesabu ya reale. Na ugomvi wake wa mali na mshirika wake Muhammad bin Khalfan, yaani Rumaliza wa Ujiji, ulifika mahakamani.

Lakini wamekosea vilevile wanaozisifu hati hizi kuwa ni alama ya ustaarabu, kisha wakanyamaza. Kalamu iliyohesabu pembe kwa frasila ndiyo iliyowaandika watu kuwa mali. Aliyetekwa Manyema, akavushwa ziwa kwa mtumbwi hadi Ujiji, katika hesabu ya tajiri alikuwa na bei tu. Daftari lililo sahihi kwa mwenye mali lilikuwa dhuluma kwake.

Hiyo ndiyo sababu ya kuzisoma, wala si ya kuzitupa. Kwani mdai huficha mengi, lakini hafichi anachodai. Basi shahada ya Kiswahili yatolewaje kwa mtu asiyeweza kusoma herufi zilizoandika lugha hii kwa karne nyingi kabla ya zile za Kirumi? Vyuo visipozifundisha kwa lazima, historia ya Ujiji itabaki mikononi mwa wapita njia, na waliouzwa pale watakosa hata msomaji.