Mzazi mwenye saratani: kabla ya kuuza shamba, tumuulize yeye

Msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu akiwa stendi. Mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi, na daktari amesema imesambaa. Kaka zake wanataka kuuza shamba wamrudishe Dar es Salaam. Yeye anaona mama amechoka. Tukamuuliza: mama mwenyewe anasemaje? Akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza.

Simu za namna hii tunapokea nyingi. Wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Bugando na KCMC nazo zinatibu saratani, lakini kwa mtu wa kijijini nauli, malazi na chakula cha msindikizaji bado ni mzigo.

Kabla ya safari, mwulizeni daktari: tiba hii ni ya kuponya au ya kupunguza mateso? Wakati mwingine mionzi michache hutolewa ili kutuliza maumivu ya mifupa au kuzuia damu. Hapo safari inaweza kufaa hata kama mgonjwa hatapona. Kama tiba haitaleta nafuu, ulizeni huduma ya tiba shufaa inapatikana wapi karibu nanyi, na mwombe barua ya rufaa. Tiba shufaa hutuliza maumivu, huhudumia vidonda na huisaidia familia. Kumleta mzazi nyumbani kwa mpango huo si kumtelekeza.

Dawa inayoogopwa zaidi ni mofini. Wapo wanaosema ukiona mgonjwa amepewa hiyo, ndiyo basi. Si kweli. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, hutuliza maumivu na haimharakishi mtu kufa. Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha. Usingizi wa siku za mwanzo mara nyingi hupungua. Msiongeze kipimo wala kuikatisha ghafla bila kumwuliza daktari.

Linabaki lililo gumu zaidi: kuzungumza. Wengi wetu tunaona kumwuliza mzazi habari za mwisho wake ni uchuro. Lakini wagonjwa wengi wanajua hali yao. Wananyamaza ili wasituumize. Achaguliwe mmoja anayeaminiwa, aulize taratibu: Mama, daktari amekueleza nini? Kinachokusumbua zaidi ni nini? Ungependa kuwa wapi, na nani awe karibu nawe? Kisha anyamaze, asikilize.

Msikilizaji wetu alipiga tena Jumapili. Mama hataki kwenda Dar. Anataka alale usiku bila maumivu, shamba libaki la wajukuu, na mdogo wake aje kutoka Tabora. Kaka bado hawajakubali. Jumamosi wanakaa kikao, na safari hii mama atakuwepo.