Kutoka Hekaluni Hadi Msikitini: Asubuhi Moja Ahmedabad



Kila mwaka watu wa kwetu huenda India kwa mambo mbalimbali. Wapo wanaokwenda kutibiwa na wapo wanaosindikiza wagonjwa. Wengine huenda masomoni au katika biashara. Mara nyingi msafiri hujikuta ana siku moja isiyo na kazi, aidha kwa kungoja majibu ya daktari au kwa kungoja ndege. Siku hiyo wengi huimaliza madukani, kisha wakarudi nyumbani na masanduku mazito na hadithi nyepesi. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Jumapili hii nakuomba tuandamane pamoja katika matembezi ya muda wa saa mbili na nusu tu, yanayokwenda kwa miguu, katika mji mmoja wa kale wa nchi hiyo. Mji wenyewe ni Ahmedabad.

Ahmedabad uko katika jimbo la Gujarat, kiasi cha kilometa 500 kaskazini ya Mumbai. Uliasisiwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, nao umechukua jina lake. Leo ni jiji kubwa. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni tano na nusu. Lakini mji wa kale, ule uliokuwa ndani ya ukuta, ungali pale pale katikati. Sehemu kubwa ya ukuta imebomolewa, ila malango yake mengi bado yamesimama, na magari hupita kando yake kama maji yanavyolipita jiwe.

Huenda ukauliza, kwa nini Ahmedabad, na si Agra penye kaburi mashuhuri la Taj Mahal? Jibu ni kwamba Taj Mahal huonyesha jinsi mfalme mmoja alivyomlilia mkewe. Ahmedabad huonyesha jinsi maelfu ya watu wa kawaida walivyobanana, wakagawana maji, wakalindana, na nyakati nyingine wakakosana. Hilo linatuhusu sisi tunaokaa katika miji.

Matembezi haya yalianzishwa na Halmashauri ya Jiji tarehe 19 Novemba, 1997. Hufanyika asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wageni hukusanyika katika hekalu la Swaminarayan, mtaa wa Kalupur, ambalo lilijengwa mwaka 1822 na limejaa nakshi za msaji ulioletwa kutoka Burma. Hapo kiongozi wa msafara hutoa maelezo mafupi, kisha huwatangulia wageni hadi Jama Masjid, yaani Msikiti wa Ijumaa. Njia ndiyo hiyo: kuanzia katika hekalu la Wahindu na kuishia katika msikiti wa Waislamu, na katikati ya njia yamo mahekalu ya Wajaini. Shika jambo hilo moyoni, kwani tutalirudia.

Hatua chache kutoka hekaluni unaingia katika pol. Pol ni mtaa mdogo wenye lango lake, ambamo zamani zilikaa familia za ukoo mmoja, kazi moja au dini moja. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba za ghorofa mbili au tatu zimeinamiana hata jua la mchana hufika chini kwa shida. Mgeni hudhani wajenzi walikosa nafasi. Kiongozi atakueleza kwamba kubanana huko kulikusudiwa. Katika mji ambao joto la mwezi Mei hupita nyuzi 40, kila nyumba humpa jirani yake kivuli.

Tazama mbele ya nyumba. Utaona kidaraja cha kukalia, nao hukiita otlo. Mtu wa Zanzibar, Lamu au Mombasa hahitaji kufasiriwa neno hilo, kwa maana ni baraza kabisa. Hapo wazee husoma magazeti, akina mama huchambua mboga, na mpita njia husalimiwa na kuulizwa anakokwenda. Mlinzi wa mtaa si yule mwenye rungu peke yake, bali pia bibi aliyeketi barazani mwake.

Ukipata bahati ya kukaribishwa ndani, angalia ua ulio katikati ya nyumba. Chini ya sakafu yake kuna birika la kuhifadhia maji ya mvua. Maji hutoka paani, hupita katika bomba, na kuteremka gizani ambako jua haliyafikii. Katika nchi ambayo mvua hunyesha miezi michache tu kwa mwaka, birika hilo liliwanywesha watu wa nyumba hadi masika mengine. Mafundi walioyajenga hawakuwa na shahada, lakini walijua kwamba paa ni shamba la maji. Wangapi kati yetu, wenye nyumba za mabati makubwa, huyaacha maji hayo yakimbilie mtaroni, kisha kesho yake tukapanga foleni na ndoo?

Mbele kidogo utakutana na mnara mwembamba wa mbao au mawe wenye kijumba juu yake. Usidhani ni mnara wa mwadhini. Ni nyumba ya ndege, na watu wa mtaa huweka nafaka humo kila siku. Mji ulipowaondolea ndege miti yao, watu waliona ni haki kuwalipa.

Msafara hupita penye sanamu ya mshairi Dalpatram, ambaye hakusimamishwa juu ya jiwe refu kama majemadari, bali ameketi mbele ya mahali palipokuwa nyumba yake kama mtu anayesubiri wageni. Hupita pia katika hekalu dogo la Kala Ramji, lenye sanamu ya Rama ya jiwe jeusi, na penye jumba la mjane tajiri Harkunvar, aliyelikamilisha hekalu maarufu la Wajaini la mwaka 1848 ambalo mumewe alifariki kabla halijaisha. Kisha kiongozi huingia katika mlango unaofanana na mlango wa nyumba ya mtu. Wageni husita, wakiona haya kuingia kwa watu bila hodi. Kumbe si nyumba, ni njia ya siri ya kutokea pol ya pili. Siku za vurugu, wenyeji walipita hapo na kumwacha adui akihangaika langoni.

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo, maana malango haya yana pande mbili. Pol hizi zilizidi kuimarishwa katika karne ya 18, wakati majeshi ya Wamoghul na Wamaratha yalipougombea mji. Lango liliokoa maisha. Lakini lango linalomzuia mwizi laweza pia kumzuia jirani. Mwaka 2002 jimbo la Gujarat lilikumbwa na machafuko baina ya Wahindu na Waislamu. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu zaidi ya 1,000 waliuawa, wengi wao Waislamu, na Ahmedabad ulikuwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Waliochomeana nyumba walikuwa watu wa mji mmoja, walionunua mboga katika soko moja. Mgeni anayeambiwa habari za nakshi tu bila kuambiwa habari hii ameonyeshwa uso wa mji akafichwa kovu lake.

Ndiyo maana njia ya matembezi haya ina uzito kuliko wanavyofikiri wengi. Ilichorwa miaka mitano kabla ya machafuko hayo, nayo haikufutwa baada yake. Kila anayeifuata hutoka mlango wa hekalu na kufika mlango wa msikiti kwa miguu yake mwenyewe, na hugundua kwamba mwendo baina ya milango hiyo miwili ni mfupi mno.

Tuendelee. Kabla ya kufika mwisho tunaingia Manek Chowk, uwanja ulio moyo wa mji wa kale. Mchana ni soko la vito, fedha na dhahabu. Usiku maduka ya sonara yakifungwa, wapishi hushusha meza na majiko, ukawa uwanja wa chakula. Wenyeji husimulia kwamba mtawa Maneknath aliishi huko wakati Sultani anajenga ukuta. Mchana mtawa alisuka mkeka, usiku akaufumua. Na kila alipoufumua, ukuta uliojengwa mchana uliporomoka. Iwe kweli au ngano, somo lake ni wazi: mtawala hajengi mji bila ridhaa ya wale aliowakuta.

Hatimaye Jama Masjid. Ulijengwa mwaka 1424, una nguzo 260 na makuba 15. Tetemeko la ardhi la mwaka 1819 liliangusha minara yake, lakini msikiti ulibaki. Tazama zile nguzo kwa makini, utatambua mkono ule ule uliochonga mahekalu. Mafundi wa Gujarat, Wahindu na Wajaini, walimjengea Sultani wa Kiislamu kwa ufundi waliourithi kwa baba zao, na hakuna aliyeona ajabu.

Matembezi rasmi huishia hapo. Lakini Mwafrika asiondoke bila kuongeza mwendo wa dakika chache kuelekea magharibi, hadi msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo, ila madirisha yake ya nusu duara ni jiwe lililochongwa likawa wavu mwembamba. Na mashuhuri zaidi ni lile la mti ambao matawi yake yamesukana hata huoni yanapoanzia. Dirisha la kati limezibwa kwa jiwe tupu. Msikiti huu ulijengwa mwaka 1572 na 1573, siku zile zile jeshi la Akbar lilipoiteka Gujarat.

Na Sidi Saiyyed alikuwa nani? Alikuwa Mhabeshi, mtu wa asili ya Afrika. Waafrika wengi walivushwa bahari hiyo wakiwa watumwa au askari, na baadhi yao walipanda hadi kuwa majemadari na watu wa heshima. Wazao wa Waafrika wangali Gujarat hadi leo, huitwa Masidi, na ngoma yao huiita goma. Kwa hiyo, unapolitazama dirisha lile ambalo mji mzima hulifanya alama yake, jua kwamba limetokana na mtu wa bara letu. Bahari ya Hindi haikuwa njia ya kwenda upande mmoja. Wao walitupa maneno kama gari, bima na chapati, na milango ya Kigujarati iko Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sisi nasi tuliacha mkono wetu katika mawe yao.

Na wewe ndugu mfanyakazi, uulizie pia habari za viwanda. Kiwanda cha kwanza cha nguo kilianza hapa mwaka 1861, na mji ukaja kujaa mabomba ya moshi. Mwaka 1918, wenye viwanda walipoondoa posho iliyotolewa wakati wa tauni, wafanyakazi walidai nyongeza ya asilimia 35. Wenye viwanda wakashikilia 20. Gandhi aliwaongoza wafanyakazi, na alifunga kula siku tatu walipoanza kulegea. Aliyekuwa naye ni Anasuya Sarabhai, mwanamke aliyesimama na makabwela dhidi ya ndugu yake mwenyewe, Ambalal, mkubwa wa wenye viwanda. Mwishowe msuluhishi aliamua asilimia 35. Viwanda vingi vimekwisha kufungwa, lakini chama cha wanawake wanaojiajiri, SEWA, kilichoasisiwa na Ela Bhatt mwaka 1972, kilizaliwa katika mji huu huu.

Mwaka 2017 Ahmedabad uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, miaka 17 baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Heshima hiyo haizuii mchwa. Familia nyingi zimehamia ng'ambo ya mto kutafuta nafasi na maegesho, nyumba zao zimegeuzwa maghala, na milango na nguzo zenye nakshi huuzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale. Nyumba ya mbao huishi kwa pumzi za watu. Wakiondoka, nayo hufa.

Machache ya kukusaidia safarini: miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye hewa njema. Vaa viatu vyepesi kuvua, kwani utavivua mara nyingi. Usiingie hekalu la Wajaini na mkanda wa ngozi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya ndani ya nyumba ya ibada, maana pol si makumbusho, ni nyumbani kwa watu. Na anayetamani pombe ajue kwamba Gujarat imeipiga marufuku.

Asiyekuwa na nauli ya India asihuzunike. Jumapili hii mchukue mwanao, umtafute mzee mmoja mkazi wa siku nyingi mtaani kwenu, mtembee naye muda wa saa mbili. Mwulizeni mambo matatu: nani alikaa hapa kwanza, maji yalitoka wapi, na palipotokea ugomvi nani aliwapatanisha. Majibu ya maswali hayo ndiyo mji wenyewe. Majengo ni nguo zake.

Tukutane Jumapili ijayo.