Kabla Hujalipia Spika Kubwa, Jiulize Utasikilizia Wapi

Mwisho wa mwezi ukikaribia, kuna swali wateja wetu hutuuliza sana: "Ninunue ile redio ndogo ya kadi, ama nijikaze nichukue spika kubwa nilipe pole pole?"

Kampuni kama yetu ingetarajiwa kujibu haraka: chukua kubwa. Malipo yakiwa mengi, ada yetu pia inakuwa nyingi. Lakini tumeamua kusema ukweli. Maoni yetu ni kwamba wengi wetu tunanunua chombo cha muziki kikubwa kuliko mahali tutakapokitumia, halafu ule ukubwa usio na kazi ndio tunaoulipia kwa mkopo. Nunua kinachotosha pale unaposikilizia. Kikizidi mfuko wako, weka akiba kwanza.

Nyimbo nyingi si sababu tena ya kulipa zaidi

Zamani, kubeba muziki mwingi kulikuwa ghali. Sony ilipoleta Walkman mwaka wa 1979, ulibeba kaseti moja ndani na zingine kwenye mfuko. iPod ya kwanza ya Apple, mwaka wa 2001, ilikuwa na nafasi ya GB 5 na ilitangazwa kuwa inabeba nyimbo 1,000. Watu walishangaa. Mwaka wa 2022 Apple ilitangaza kuwa haitengenezi tena iPod, maana kazi yake ilishahamia kwenye simu.

Leo kadi ya memori ya GB 8, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inaipita hiyo iPod. Wimbo wa MP3 wa kawaida wa dakika nne huchukua takriban MB 4, kwa hivyo kadi hiyo inabeba karibu nyimbo 2,000. Hayo ni masaa 130 na zaidi. Soja wa usiku anayefanya zamu ya masaa 12 anaweza kumaliza zamu kumi bila kurudia wimbo hata mmoja.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia ile kubwa "inabeba nyimbo mingi," usishawishike. Redio ndogo yenye tundu la kadi inabeba kadi hiyo hiyo. Tofauti iko kwa sauti, betri, njia za kuunganisha na bei.

Watu watatu, mahitaji matatu

Tumchukue huyo soja kwanza. Anasikiliza peke yake, mahali ambapo mara nyingi hakuna soketi karibu. Anahitaji redio ya FM kwa ajili ya habari, tundu la kadi, na ikiwezekana tochi. Anahitaji betri anayoweza kuitoa na kuweka nyingine usiku wa manane. Redio nyingi ndogo hutumia betri ya aina ya BL-5C, ile ile iliyokuwa kwa simu nyingi za Nokia, na hupatikana hata kwenye maduka ya mtaani. Bluetooth haimsaidii sana. Spika ya kutikisa ukuta ndiyo mbaya zaidi kwake, kwa sababu kazi yake ni kusikia geti.

Wa pili ni mama anayeuza mboga kibandani. Watu watamwambia, "Si una simu? Ya nini redio?" Ni kweli, hata kabambe nyingi zina redio ya FM na mahali pa kadi. Lakini hapa sisi tunaona jambo ambalo mwenye duka la elektroniki huenda asilione. Simu ya mama huyu ndiyo droo yake ya pesa. Ikicheza muziki tangu asubuhi, saa kumi na moja jioni, wakati wateja wanatoka kazini, betri inaweza kuwa imeisha. Mteja anasema, "Mama, nimetuma," na simu iko kimya. Atajuaje? Ama amwamini, ama ampoteze. Na kuna watu wanaoonyesha ujumbe wa uongo kwenye simu zao, wakijua kabisa kwamba muuzaji hawezi kuangalia salio lake.

Ndiyo maana tunasema bila kusita: kama simu yako ndiyo inapokea malipo ya biashara, usiifanye redio. Kijiredio cha bei nafuu kando ya mizani kinalinda mauzo yako. Hiyo ni sababu nzuri ya kununua kitu hata kama simu inaweza kufanya kazi hiyo.

Wa tatu ni kinyozi. Yeye ana stima, ana chumba, na wateja wanakaa wakingoja. Spika ya wastani yenye Bluetooth, tundu la flash na waya ya AUX inamfaa. Akitaka wufa kubwa ya kuchomeka ukutani, apige hesabu ya tokeni pia. Chombo kinachovuta wati 60 kwa masaa 10 kinatumia uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa siku 30. Isitoshe, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, anayecheza muziki kwenye biashara kwa ajili ya wateja anahitaji leseni, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo husimamia vyama vya kukusanya mirabaha. Aiweke hiyo kwenye bajeti kabla ya kununua, isije ikamshtua baadaye.

Kagua haya ukiwa bado dukani

Usiangalie taa za rangi kwanza. Angalia haya:

Betri. Uliza kama inatoka. Iliyofungiwa ndani ikichoka, mara nyingi unapeleka kwa fundi au unatupa chombo chote. Inayotoka, unabadilisha mwenyewe.

Tundu la chaji. Likiwa sawa na la simu yako, waya moja inatosha nyumba nzima. Likiwa la ajabu, waya ikipotea utatafuta mpaka uchoke.

Kadi. Vyombo vingi vya bei ya chini vinasoma kadi hadi GB 32 tu. Ukinunua kadi ya GB 64 ukidhani umefanya la maana, huenda kisiisome kabisa. Beba kadi yako, ichomeke pale pale, usikilize wimbo mzima.

Wati. Hapa ndipo watu wanaliwa. Sanduku linaandikwa maelfu ya wati, na pembeni kwa herufi ndogo PMPO. Hiyo ni namba ya matangazo. Uliza wati za RMS, zinazoonyesha nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Na tumia akili ya kawaida: betri ya BL-5C ya mAh 1,020 ina nguvu ya kama Wh 3.8. Kama spika ingekuwa kweli inatoa wati 50, betri hiyo isingefika hata dakika tano.

Sauti yenyewe. Ongeza hadi juu. Ikianza kukwaruza kabla hujafika mwisho, ule ukubwa wa nje hauna maana. Halafu punguza kabisa: vyombo vingine vya bei rahisi havijui kuimba kwa upole, na nyumba ikiwa na mtoto aliyelala utajuta.

Mkopo unafanya kitu kidogo kiwe kikubwa

Sasa tuje kwa pesa, maana hapo ndipo tunaona watu wakiumia.

Tuseme spika inauzwa shilingi 4,500 taslimu. Muuzaji anakuambia ulipe deposti ya 1,000, halafu shilingi 50 kila siku kwa siku 120. Hamsini kwa siku inasikika kama si kitu. Lakini 50 mara 120 ni 6,000. Jumlisha deposti, umelipa 7,000. Umeongeza 2,500 juu ya bei, zaidi ya nusu ya thamani ya spika yenyewe.

Geuza hesabu. Una ile 1,000 tayari. Weka hiyo 50 kila siku kwenye akaunti yako ya akiba ya simu. Unahitaji 3,500 zaidi, na 3,500 gawanya kwa 50 ni siku 70. Siku ya 70 unaingia dukani na pesa mkononi, unaomba punguzo, na huna deni. Mwenzako wa mkopo bado ana siku 50 za kulipa, na pengine spika imeshaanza kukwaruza.

Kuna watakaotuambia, "Nyinyi mnataka watu maskini wasifurahi." Hapana. Muziki ni furaha, na mtu anayefanya kazi ngumu ana haki ya kusikiliza anachopenda. Na kuna mtu ambaye spika kubwa ni jembe lake: anayekodisha vyombo kwa harusi, ruracio na mikutano ya chama. Huyo akipiga hesabu na kuona kila wikendi kinaingiza zaidi ya anacholipa, mkopo unaweza kuwa na maana. Lakini awe na oda za kweli, si matumaini. Tunachopinga ni mkopo wa kununua sauti ambayo chumba cha futi kumi kwa kumi hakiwezi kuitumia, na jirani hataki kuisikia.

Hatusemi pia kwamba lipa pole pole ni wizi. Mtu aliyeambiwa bei ya taslimu, jumla ya mkopo na itakavyokuwa akichelewa, akakubali, amefanya uamuzi wake. Shida ni pale anapoambiwa ile 50 tu. Kwa hivyo kabla hujakubali, uliza swali moja: "Mpaka nimalize, nitakuwa nimelipa pesa ngapi kwa jumla?" Andika hiyo namba. Muuzaji akizungusha maneno, ondoka.

Ukiwa tayari kulipa

Usitume pesa kwa picha. Kama umeona spika mtandaoni na muuzaji anataka deposti kwenye nambari ya mtu binafsi ndipo alete, mwambie utalipa ukiiona na kuisikia. Mwenye bidhaa ya kweli mtaelewana.

Ukilipa kwa till, soma jina linalotokea kabla hujakamilisha malipo. Likiwa tofauti na la duka, simama, uliza. Ni rahisi kuuliza kabla ya kubonyeza kuliko kufuatilia pesa iliyokwenda kwa mtu mwingine. PIN iweke mwenyewe. Usimtajie muuzaji hata akiwa rafiki yako, hata kama anasema simu yako inasumbua na anataka kukusaidia.

Ule ujumbe wa malipo usiufute. Una tarehe, kiasi na nambari ya muamala, na ndio ushahidi wako chombo kikiharibika wiki ijayo. Lakini pekee hautoshi, kwa sababu hausemi ulinunua nini. Omba risiti ya duka yenye jina la bidhaa na muda wa waranti, uipige picha. Waranti ya mdomo huisha ukitoka mlangoni.

Basi, ninunue gani?

Turudi kwa lile swali. Kama unasikiliza peke yako, njiani au kazini, ndogo yenye FM, kadi na betri inayotoka. Kama simu yako inapokea pesa za biashara, ndogo vilevile, ili simu ibaki na chaji. Kama una chumba cha watu na stima ya uhakika, ya wastani, na uweke leseni na tokeni kwenye hesabu. Kubwa ni ya mtu anayeweza kutuonyesha mahali itakapokaa na pesa itakayoingiza.

Na kama baada ya haya yote bado moyo unataka ile kubwa yenye taa, sawa, ni pesa yako. Tunachoomba ni uanze ile hamsini leo, kwenye akiba, badala ya kuanza na deni. Baada ya siku 70 moyo ukiwa bado unaitaka, nenda kaichukue.